Kaisari Shingoni mwa Perpetua

Tangu nirudi sijasaga debe moja kwa amani. Nikifika mashineni tu, mmoja ananishika mkono: "Mzee Melkiadi, hebu tuambie, ilikuwaje huko Morogoro?" Nikianza, anakuja wa pili anataka nirudi mwanzo, na wa tatu amesikia kwa watu kwamba nimeuza medali ya ukoo nikanunua pikipiki. Pikipiki sina. Medali haijauzwa. Nimeona niandike mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iinueni mwendelee. Habari za tiketi na nani alichanga nini siandiki, hazina utamu.

Kilichonitoa nyumbani

Kwa asiyetujua, nianze na babu. Babu mzaa baba alikuwa mfua chuma. Si wa kuokota chuma chakavu barabarani, hapana. Yeye na wenzake walichimba mawe mekundu wakayayeyusha kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambayo hata leo unaweza kukuta moja limesimama peke yake katikati ya mahindi kama mgeni aliyekataa kuondoka. Akaja padre mmoja mzungu, amepanda kutoka ziwani upande wa Kirando, akajenga kanisa la kwanza kwetu. Babu alimfulia misumari, bawaba za mlango na ndoano ya kuning'inizia kengele. Padre alipougua na kutakiwa arudi kwao, alimwita babu, akatoa mfukoni kipande cha fedha chenye kichwa cha mtu. Akaonyesha ndevu za kichwa kile, akazishika ndevu zake mwenyewe, akazishika ndevu za babu, akacheka, akaondoka. Kifipa chake kilikuwa cha sala tu, cha mazungumzo hakikutosha.

Kichwa chenyewe ni cha mwanamume mwenye ndevu zilizogawanyika, nywele za mawimbi, na amevaa taji la majani lililofungwa utepe kisogoni. Sasa niambieni. Padre anakupa kichwa chenye taji, kipana kama ukucha wa dole gumba. Ungedhani ni nini? Mapadre walikuwa wakigawa medali za watakatifu. Babu hakuwaza mara mbili. Alitoboa tundu juu ya kichwa, akapitisha uzi, akamvalisha mtoto wake wa kwanza siku ya ubatizo. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyefikishwa kwenye maji bila Mtakatifu wa Babu. Ndivyo tulivyomwita, kwa kuwa jina lake hatukulijua. Na kwa kuwa mtoto hutia kila kitu mdomoni, sisi sote tumeotea meno kwenye uso ule. Maandishi ya pembeni yaliisha zamani. Pua ndiyo iliyobaki. Ni pua ngumu.

Mtunzaji ni dada yangu Perpetua, ambaye mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa. Asipokuwepo mtoto wa kubatizwa huivaa mwenyewe. Akiamka huibusu, akilala huibusu. Mwanawe Gaudensi alipougua surua utotoni, mpaka watu wakaanza kunong'ona habari ya mbao za jeneza, Perpetua aliikamata medali ile ikamwachia alama kiganjani. Gaudensi leo ana mvi.

Mwaka huu akaja paroko mpya, kijana mpole, Mungu amtunze. Kitukuu cha Perpetua, binti, kilikuwa kinangoja ubatizo baada ya mavuno, na Perpetua akaipeleka medali ibarikiwe upya kama kawaida yetu. Mapadre waliopita waliibariki pamoja na rozari bila kuitazama. Huyu akaitazama.

"Mama, huyu mtakatifu ni nani?"

"Ni wa Babu."

"Jina lake, mama."

"Padre, ningekuwa nalijua si ningekutajia?"

"Basi siwezi kumbariki mtu nisiyemjua. Nileteeni jina. Akiwa mtakatifu nitambariki kwa furaha. Asipokuwa, mtoto hatamvaa."

Perpetua alirudi nyumbani akakaa juu ya kinu, kitu ambacho mwenyewe hukataza. Akaniita. "Melki, huyu mwanamume nimembusu kuliko nilivyombusu marehemu mume wangu. Nenda ukaniulizie ni nani."

Paroko ndiye aliyetuambia wa kumuuliza: Morogoro anaishi mwalimu wake wa zamani wa historia, mama mstaafu aliyebobea katika pesa za kale. Tuliipiga medali picha kwa simu, tukamtumia. Akajibu kwamba anaona pua tu, kitu chenyewe lazima akishike. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Nikasema nitakwenda, na nitarudi na jina kabla ya Jumapili hiyo.

Kwenda Sumbawanga mjini, yaani kurudi nyuma

Morogoro iko mashariki, lakini mimi nilianza kwa kwenda upande mwingine, kwa sababu basi huanzia Sumbawanga mjini na mtu akilisubiri barabarani huku Kaengesa husimama hadi Tunduma. Perpetua aliishona medali ndani ya kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sketi yake ya matanga, akanifunga shingoni kwa uzi imara. Kitambaa cheusi kile kikumbukeni, kitatusumbua mbele. Akanifungia na chakula: ugali wa ulezi umekunjwa kwenye majani, na migebuka ya ziwani ya kukaanga.

Stendi, kijana mmoja akaniambia, "Mambo, mzee." Nikamwitikia, "Marahaba," nikamwacha atafute mwenyewe shikamoo aliidondosha wapi. Akacheka, akanibebea mzigo. Vijana wa mjini si wabaya, wana haraka tu.

Asubuhi tulipoondoka, basi likapita kwetu kulekule nilikotoka jana yake. Perpetua alikuwa kando ya barabara na mkongojo wake. Hakupunga mkono. Alijigusa shingoni, pale penye nafasi tupu. Nikaelewa.

Hadi Mbeya, kwenye kiti ambacho hakuna aliyetaka kukaa jirani nacho

Karibu yangu aliketi mama mmoja wa Kyela aliyekuja kuuza mchele, anaitwa Mama Tusekile, mnene, mcheshi, mikono ya kazi. Tulizungumza vizuri mpaka nilipofungua kifungo cha shati nijifute jasho. Akaona kile kifuko cheusi.

"Babu, kwenu hasa ni wapi?"

"Sumbawanga."

Akatazama kifuko, akanitazama mimi, akachukua kikapu chake, akaenda kusimama mlangoni.

Ninyi mnajua nchi nzima inavyotusema. Eti tunaroga, eti tunasafiri kwa ungo. Sisi tulioko huku tunajua kwamba kilichopo kwa wingi ni upepo na mahindi. Nikasema kwa sauti, wasikie, "Ningekuwa na ungo, ningekaa kwenye kiti hiki kilichotoboka?" Badala ya kucheka, wa kiti cha mbele naye akahama. Nikabaki na safu nzima. Nikanyoosha miguu.

Tunduma mnaijua, malori yamepangana kama ng'ombe mnadani. Tulikaa pale mpaka jua likatoka upande mmoja wa basi likahamia wa pili. Nikafungua migebuka, nikakaribisha kushoto na kulia. Kila mtu alikuwa ameshiba ghafla, hata mtoto aliyekuwa akilia njaa. Njia ilipofunguka, dereva akawasha gari, kimya. Akawasha tena, kimya. Utingo akashuka na nyundo, akazama chini ya boneti. Ndipo minong'ono ikaanza, na mwishowe kondakta akanijia ameshika kofia yake.

"Mzee, samahani sana. Mimi siamini mambo hayo. Ila abiria wanauliza, hicho cha shingoni kinakula nini?"

"Hakili," nikasema. "Ni mtakatifu."

Nikaona hapa heshima ya mkoa mzima iko juu yangu. Nikatatua mshono, nikaitoa medali, nikainyanyua waione. Kwanza walirudi nyuma. Halafu mwalimu mmoja akanyoosha mkono, ikaanza kupita kiti kwa kiti. Mlokole mmoja akasema ni sanamu, itupwe nje. Mama mwingine akasema kwa pua hiyo lazima ni mtu wa serikali. Ikafika kwa dereva, Mwislamu wa kule ziwani, akaigeuza mkononi na kusema, "Huyu ni mjomba wangu Hamisi kabisa." Na hapohapo, sijui utingo aligonga kitu gani kule kwenye betri, injini ikanguruma.

Dereva alinirudishia medali kwa mikono miwili.

Mama Tusekile akarudi kwenye kiti chake, akaketi taratibu, akachukua mgebuka mmoja bila kukaribishwa mara ya pili. Alipomaliza akasema, "Babu, nina goti."

"Mimi si mganga, mama."

"Ninyi wakubwa ndivyo mnavyokataa."

"Ni medali ya kubatizia watoto."

"Nami nilikuwa mtoto," akasema, akaichukua akaibandika gotini, ikakaa hapo mpaka tukaingia Mbeya. Aliposhuka alipanda ngazi za stendi kama msichana, kisha akanikatalia nisilale gesti. Nililala kwa mdogo wake, nikala wali wa Kyela na ndizi. Watu wema sana, ingawa mlango wa chumba changu waliufunga kwa nje.

Mbeya hadi Morogoro

Basi la pili lilikuwa na televisheni na kondakta mcheshi kuliko inavyotakiwa. Nikifungua mdomo tu, naye ananiiga. Kiswahili changu nakijua kina milima ya Ufipa ndani, sijawahi kukificha, lakini kusikia basi zima likichekea unavyotamka "maji ya kunywa" ni jambo jingine. Nilinyamaza. Nilinyamaza Makambako, nikanyamaza Iringa, na ninyi mnanijua, kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Kwenye hoteli ya njiani nikaagiza ugali wa ulezi, kwa kuwa wa Perpetua ulikwisha.

"Ulezi ni uji wa watoto, babu," akaniambia binti aliyekuwa akihudumia.

"Basi niletee wa mtoto."

Akaniletea kweli, kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya bata, na kijiko kidogo. Kondakta akapiga picha. Nikaunywa wote. Watoto wa huko wanakula vizuri kuliko wazazi wao.

Baada ya hapo nilitulia kutazama njia. Ruaha nimeona nyani wamekaa kwenye kingo za barabara kama wazee wa baraza, na watu wakikimbiza mifuko ya vitunguu madirishani. Mikumi nimeona tembo. Nimeona na twiga, ambaye nilidhani wanamtia chumvi kwenye pesa, kumbe ndivyo alivyo. Lakini mkono wangu ulikuwa shingoni. Nilikuwa nawaza, nikirudi na jina baya, je? Unamwambiaje mwanamke wa umri ule?

Kwa Mama Zaituni

Nyumba yake iko chini ya milima, ina ua wa maua mekundu na vitabu hadi jikoni. Mama Zaituni ni mtu wa Ujiji, mwembamba, miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani. Aliposikia natoka Ufipa alisema, "Basi tunakunywa ziwa moja, kaka yangu, karibu." Akanipa chai ya tangawizi na vitumbua, hakukubali kuiona medali mpaka nimekula. Huyo ni mtu.

Halafu akaishika pembeni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, akaipeleka dirishani na kioo cha kukuzia. Aliigeuza na kuigeuza mpaka nikaanza kusali.

"Kaka Melkiadi, hii si medali. Ni pesa. Dinari ya fedha, ya Warumi wa kale. Na huyu sihitaji maandishi kumtambua. Ndevu hizi zilizogawanyika, hivi vishungi kwenye paji la uso. Ni Kaisari Septimio Severo."

"Mtakatifu?"

"Mbali sana na utakatifu. Alikuwa mwanajeshi. Aliutwaa ufalme kwa vita, akawaua waliompinga, akajipiga chapa kwenye pesa kama hivi ili kila mtu amjue bwana ni nani. Zilipigwa nyingi mno. Mapadre wa zamani walisoma Kilatini, wengine walipenda kuwa na moja. Nadhani padre wenu alikuwa anatania tu kwamba babu yako ana ndevu za kifalme."

Nikaona kinu, na Perpetua juu yake.

"Lakini subiri," akasema, ameona uso wangu. "Unajua alikuwa mtu wa wapi? Afrika. Alizaliwa Libya, mji wa pwani unaoitwa Leptis. Akatoka huko akaenda Roma, akaitawala dunia yao yote, hadi Uingereza alikofia."

"Mwafrika."

"Mzaliwa wa Afrika. Na wameandika kwamba hata uzeeni, amevaa taji, lafudhi ya kwao haikumtoka."

Hapo niliweka kikombe chini. Nilimkumbuka yule kondakta. Mfalme wa dunia nzima, naye akifungua mdomo, pengine kulikuwa na mtu nyuma anamwiga. Sitaki kuwadanganya, kifua kilinijaa. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Ila," akasema, "wameandika pia kwamba dada yake alikuja kumtembelea Roma. Kilatini kilikuwa kinamshinda. Kaisari akaona haya mbele ya wakubwa, akampa zawadi, akamrudisha kwao."

Kifua kikashuka. Nikasema, "Mimi nina dada. Ndiye aliyenituma."

"Anaitwa nani?"

"Perpetua."

Mama Zaituni akaweka kioo mezani. Akasugua macho, akasema, "Ninyi Wakatoliki mnalijua jina hilo kuliko mimi Mwislamu. Mtakatifu Perpetua wenu, yule mama kijana aliyekuwa na mtoto wa kunyonya, na Felista mtumishi aliyejifungulia gerezani. Waliuawa Karthago, Afrika hiyohiyo, wametupiwa wanyama wakali kwenye michezo ya kumsherehekea mwana wa Kaisari. Kaisari mwenyewe ni huyu. Na kuna maandishi yanayosema alipiga marufuku watu kuingia Ukristo. Wasomi wanabishana kama amri hiyo ilikuwepo kweli, lakini imeandikwa. Nakwambia kwa sababu utaulizwa."

Niliiangalia tu ile pua.

Nadhani alinihurumia, maana aliichukua tena akaitazama juu ya mwanga. "Wanaokusanya pesa za kale hawapendi tundu. Mimi nalipenda. Liko duara, ukingo haukupasuka. Alitoboa nani?"

"Babu yangu. Kwa msumari wa chuma chake mwenyewe."

Basi nikamweleza malungu. Jinsi wazee walivyolijenga tanuru, jinsi lilivyolala na moto wake bila mtu kupuliza, jinsi mawe yalivyoingia mekundu yakatoka jembe. Nilieleza kwa Kiswahili changu chenye milima, na mama yule mwenye vitabu hadi jikoni aliandika. Kila nikisimama kupumua, ananiambia, "Endelea, kaka." Jua likahama, chai ikapoa, tukapasha nyingine. Mwisho akasema, "Kwa hiyo fedha ya Kaisari imetobolewa na chuma cha Ufipa."

Sentensi hiyo nimerudi nayo. Msiichakaze.

Kurudi

Kwenye basi la kurudi nilizungumza tangu Morogoro. Kondakta alikuwa mwingine, naye akajaribu kuniiga. Nikamwambia, "Mwanangu, hivi ndivyo alivyoongea Kaisari," nikamsimulia mpaka Mikumi, akaja kukaa karibu yangu, na picha akapiga ya dinari.

Mbeya nilimpitia Mama Tusekile nimwambie ukweli, kwamba aliyembandika gotini hakuwa mtakatifu. Alinisikiliza amekunja mikono. "Babu, goti limepona," akasema. "Kama wewe umepoteza mtakatifu, usinipotezee na goti." Akanifungia mchele wa Perpetua. Siku hizi ananipigia simu kila Jumapili kunisalimia, na goti linanisalimia.

Kadiri tulivyopanda kuja kwetu na upepo ulivyoanza kuwa baridi, ndivyo maneno yalivyoniisha. Ilikuwa Ijumaa. Nilijaribu kuyapanga: nianze na Afrika, nimalize na Afrika, ya katikati niyapitishe haraka. Nilikuwa bado napanga basi liliposimama, na Perpetua alikuwa palepale kando ya barabara, na mkongojo wake. Hakungoja tufike nyumbani.

"Ni nani?"

Nyumbani

Nilimwambia yote, hapohapo, tumekaa juu ya mzigo wa mchele. Nilianza na Afrika kama nilivyopanga. Alifurahi. Nilipofika kwenye lafudhi alicheka, akasema, "Kama wewe ulipomsomea askofu risala." Kisha nikamweleza habari ya dada.

Akaacha kucheka. "Akamrudisha?"

"Akamrudisha."

"Dada yake wa kuzaliwa. Kwa sababu ya lugha."

"Alimpa zawadi."

"Zawadi," akasema Perpetua, na sijui kama nimewahi kusikia neno hilo likisemwa vibaya hivyo.

Yaliyobaki niliyasema nikiangalia barabara. Karthago. Felista. Michezo ya mwana wa Kaisari. Jina lake yeye. Alikuwa ameifungua medali kutoka kwenye kitambaa cheusi na kuishika kiganjani, na niliogopa ataitupa kwenye mahindi. Kisa cha somo wake, yule mtakatifu wa jina lake, alikijua tangu katekisimu, alijua na yule ng'ombe mkali waliyemfungulia. Ila jina la mfalme hakuwahi kutajiwa na mtu.

"Na Gaudensi?" nikamuuliza, maana ndilo lililokuwa likinichoma tangu Morogoro. "Uliposali siku za ile surua, ulimwomba nani?"

"Nilimwomba Mungu, Melki. Huyu nilimshika tu. Mtu akiwa na hofu hushika chochote." Akaigeuza medali. "Umesema alikataza watu wasibatizwe?"

"Imeandikwa hivyo, ingawa wasomi wanabishana."

"Na babu alimpeleka kwenye maji na baba. Kisha shangazi wote. Kisha mimi, wewe, Gaudensi na wenzake, na watoto wao, na watoto wa watoto." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. "Hakuna mtu wa Ufipa aliyehudhuria ubatizo mwingi kuliko huyu." Akacheka mpaka akashika ubavu, mpaka mwenye baiskeli akasimama kuuliza kama tuna tatizo. "Alimuua Perpetua, na Perpetua amemfunga uzi. Basi haendi popote. Ataendelea kuja."

Jumamosi tukaenda kwa paroko, mimi nikamtajia jina kama alivyotaka, na habari zake zote. Alisikiliza, akainama akacheka kidogo kwa adabu. "Simbariki," akasema. "Na mtoto hatamvaa, tumekubaliana."

"Hatamvaa," akasema Perpetua. "Namvaa mimi. Au mtu asiyebatizwa haruhusiwi kuingia kanisani akatazama wenzake?"

Paroko alifikiri. "Anaruhusiwa, mama. Tena anakaribishwa."

Mtoto alikuwa abatizwe kwa jina la Merisiana. Perpetua alizungumza na mama wa mtoto usiku ule, mimi sikuwepo, sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba Jumapili paroko alipouliza jina, mama mtu alijibu, "Felista."

Nilikuwa nimesimama karibu, kwa hiyo hiki siyo cha kuhadithiwa. Perpetua alikuwa amembeba. Maji yalipopita kichwani Felista alishtuka, akatafuta cha kushika, mkono ukakamata uzi, akauvuta, akakitia mdomoni kichwa cha mtawala wa dunia nzima na kukiuma. Ana meno mawili ya chini. Perpetua hakumnyang'anya. Alimwinamia akamwambia, kwa Kifipa, taratibu, aume vizuri.